Kuona Transaminesheni kwa Choroko na Karatasi: Mwongozo Kamili kwa Wanaokwama

Karatasi zilizoharibika ninazoletewa na wanafunzi wa hapa Moshi na Arusha zinafanana mno. Nyingine zina mchirizi mmoja wa zambarau kutoka chini hadi katikati. Nyingine zina alama za vidole zilizo wazi kuliko doa lolote. Halafu kuna zile zenye madoa mazuri kabisa, ila mwenyewe ukimuuliza alanini hii imetoka wapi, anabaki kukuangalia.

Jaribio lenyewe halina makuu: ni kuona transaminesheni, yaani kundi la amino likihama kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Kimeng'enya kilichomo kwenye choroko zilizochipua (transaminesi) huvua kundi la amino kutoka kwa glutameti na kulikabidhi kwa piruveti. Glutameti iliyovuliwa inabaki kuwa alfa-ketoglutareti, na piruveti iliyovikwa inakuwa alanini. Kiyeyushi kikipanda kwenye karatasi hutenganisha vitu hivi, kisha dawa ya kutia rangi, ninhidrini, huonyesha vyenye kundi la amino tu. Kwa hiyo kwenye karatasi utaona mawili: doa la glutameti likififia na doa la alanini likijitokeza. Piruveti na alfa-ketoglutareti hazitaonekana, usizitafute.

Kwa faida ya wanaouliza "hii inatusaidia nini": ile ALT inayoandikwa kwenye fomu ya vipimo vya ini, KCMC au hospitali nyingine yoyote, ni kimeng'enya cha kazi hiihii. Maabara huipima kwa kuiendesha kinyume, kutoka alanini kwenda piruveti.

## Kusanya hivi kwanza

Usianze kuloweka choroko kabla vitu vyote havijakuwa mezani. Piruveti ikikosekana siku ya tatu, choroko hazitakusubiri.

Za sokoni na dukani:

- Choroko za kula, gramu 50. Mbuyuni kwa Moshi au Kilombero kwa Arusha zinatosha. Usichukue mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi. Rangi ile ni alama ya dawa ya kuvu au wadudu.
- Barafu, mfuko mmoja.
- Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, na bakuli la kioo lenye kitako bapa, upana wa sentimita 12 hivi.
- Kitambaa cheupe cha pamba, uzi na sindano, penseli, rula, glavu, draya ya saluni.
- Chupa ya chai inayotunza joto, iwapo huna chombo cha maji ya nyuzi 37.
- Maji yaliyokenekwa. Yale ya kuongezea kwenye betri za magari yanafaa, lakini soma lebo mara mbili, maana rafu hiyohiyo huwa na tindikali ya betri.

Za maabara:

- Karatasi ya Whatman namba 1, ikatwe sentimita 20 kwa 28.
- Bafa ya fosfeti (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), moli 0.1 kwa lita, pH 7.5.
- Monosodiamu glutameti, sodiamu piruveti, na alanini ya aina ya L.
- Butanoli (butani-1-oli), asidi asetiki kali isiyo na maji, ethanoli ya asilimia 95.
- Ninhidrini, gramu 0.2 katika mililita 100 za asetoni.
- Neli, pipeti, kinu kidogo cha kaure na mchi wake. Mashine ya kuzungusha ikiwepo, vizuri.

Siki ya jikoni haichukui nafasi ya asidi asetiki kali, kwa sababu karibu yote ni maji. Pombe kali ya dukani nayo haifiki hata nusu ya nguvu ya ethanoli tunayoitaka. Na usibadilishe bafa ya fosfeti kwa bafa iitwayo Tris au kwa chumvi yoyote ya amonia. Zote mbili zinashikwa na ninhidrini, utapata rangi ambayo haihusiani na choroko.

## Hatua ya 1: Chipua choroko

Osha, loweka usiku mmoja, mwaga maji, kisha tandaza kwenye kitambaa kibichi gizani. Suuza asubuhi na jioni. Kwa joto la Moshi mwezi wa pili, siku 2 zinatosha. Arusha mwezi wa saba, weka karibu na jiko na uhesabu siku 3 au 4.

Zikifika, kimzizi kina urefu wa sentimita 2 hadi 3, ni cheupe, kinakatika kwa mlio ukikipinda. Harufu ya kuchacha au utelezi ni dalili ya bakteria. Bakteria nao wana transaminesi zao, kwa hiyo zitupe uanze upya.

## Hatua ya 2: Tengeneza miyeyusho

Glutameti, moli 0.1 kwa lita: pima gramu 0.37 za monosodiamu glutameti, yeyusha kwenye bafa hadi mililita 20.

Piruveti, moli 0.1 kwa lita: gramu 0.22 za sodiamu piruveti kwenye bafa hadi mililita 20. Hii itengenezwe siku hiyohiyo. Piruveti iliyokaa kwenye maji kwa wiki hujiunga yenyewe kwa yenyewe, na kimeng'enya hakiitaki tena.

Sampuli za kulinganishia: alanini gramu 0.089 kwenye maji mililita 100, na glutameti uliyotengeneza juu ikazimuliwe mara kumi. Zote mbili zitakuwa milimoli 10 kwa lita.

Tahadhari inayopuuzwa kuliko zote katika hatua hii: soma kopo ujue kama umeshika *asidi* ya glutamiki au *chumvi* yake ya sodiamu. Asidi hushusha pH kiasi cha kuua kimeng'enya, na kwa macho unga wa aina zote mbili ni mweupe uleule. Kama unayo asidi, pandisha pH hadi 7.5 kwa sodiamu haidroksaidi kabla ya kufika ujazo kamili. Ukitumia ile chumvi ya kuongeza ladha ya supamaketi, hakikisha haijachanganywa na chumvi ya mezani. Chumvi ya mezani ikiingia, madoa hutapakaa kama wino uliomwagikiwa maji.

## Hatua ya 3: Pata mchujo wenye kimeng'enya

Weka kinu, mchi na bafa kwenye barafu nusu saa kabla. Twanga gramu 10 za choroko zilizochipua pamoja na kijiko kidogo cha mchanga uliooshwa na mililita 20 za bafa baridi, mpaka usione vipande. Chuja kwa kitambaa, kisha zungusha mchujo dakika 15 kwa kasi ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Usipokuwa na mashine, uache kwenye barafu nusu saa na umimine taratibu maji ya juu.

Unataka kimiminika cha manjano hafifu chenye ukungu kidogo. Kikae kwenye barafu muda wote, na ukitumie ndani ya saa moja.

Sasa chukua mililita 3 za mchujo huo, tia kwenye neli, chemsha kwenye maji yanayotokota kwa dakika 10. Vitabu vingi husema dakika 5, lakini vitabu hivyo havikuandikiwa mlimani. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 95; Moshi ni nyuzi 97 au karibu na hapo. Muda ulioongezwa ni bima ya bei nafuu. Mchujo huu utaganda mabonge meupe. Uzungushe au uchuje, tunza maji yake.

## Hatua ya 4: Panga neli nne

Hapa ndipo jaribio linapopata maana. Choroko zilizochipua zina asidi amino zake tele, alanini ikiwemo, na asparajini kwa wingi. Ukiweka neli moja tu ukaona alanini mwishoni, hujaonyesha kitu. Pengine ilikuwepo tangu mwanzo.

Kila neli ina jumla ya mililita 2:

1. Mchujo hai 1.0, glutameti 0.5, piruveti 0.5.
2. Mchujo uliochemshwa 1.0, glutameti 0.5, piruveti 0.5.
3. Mchujo hai 1.0, glutameti 0.5, bafa 0.5.
4. Mchujo hai 1.0, bafa 0.5, piruveti 0.5.

Neli ya 2 inakuambia kama kazi imefanywa na kimeng'enya au imejiendea tu. Neli ya 4 inaonyesha alanini ambayo mchujo unaweza kuitoa bila glutameti uliyoongeza.

Neli ya 3 ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye siri. Mikunde ina kimeng'enya kingine kinachokata glutameti na kuigeuza kuwa GABA, asidi amino nyingine, na doa la GABA hukaa juu kidogo tu ya alanini. Mtu asiye na neli hii atashangilia doa la zambarau akidhani ni alanini, kumbe piruveti haikuhusika kabisa. Doa likionekana kwenye neli ya 1 na ya 3 kwa nguvu ileile, usiite alanini.

Ukibahatika kuwa na piridoksali fosfeti, ongeza kwenye bafa iwe milimoli 0.1 kwa lita. Ndiyo msaidizi anayebeba kundi la amino ndani ya kimeng'enya. Bila hiyo jaribio bado linaenda, maana kimeng'enya kina yake. Vidonge vya vitamini B6 vya duka la dawa havisaidii hapa: vina piridoksini, ambayo inahitaji kugeuzwa kwanza.

## Hatua ya 5: Anzisha na usimamishe kwa wakati

Andaa kwanza vichupa vitano, kila kimoja kikiwa na mililita 0.9 za ethanoli. Neli zote ziwe na mchanganyiko wake isipokuwa mchujo, zipashwe hadi nyuzi 37. Kisha tia mchujo, tikisa, na papo hapo chota mililita 0.3 kutoka neli ya 1 uzitie kwenye ethanoli. Hicho ndicho kipimo cha dakika sifuri.

Neli zote zikae nyuzi 37 kwa dakika 60. Umeme ukikatika, chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 38 na mfuniko uliofungwa itashikilia joto hilo bila shida. Saa ikifika, chota mililita 0.3 kutoka kila neli uzitie kwenye ethanoli yake.

Ethanoli inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inaua kimeng'enya palepale, na inagandisha protini na sehemu ya chumvi ya fosfeti ambazo zingechafua karatasi. Utaona wingu jeupe kwenye vichupa vya neli ya 1, 3 na 4. Acha dakika 10 kwenye barafu, zungusha au subiri litulie, tumia maji safi ya juu. Kwenye kichupa cha neli ya 2 wingu litakuwa dogo sana. Protini yake ilishaganda ulipochemsha.

## Hatua ya 6: Andaa karatasi

Vaa glavu kabla karatasi haijatoka kwenye bahasha. Jasho la vidole lina asidi amino za kutosha kabisa kuonekana. Shika pembeni tu, na meza itandikwe karatasi safi.

Chora mstari kwa penseli sentimita 2.5 kutoka chini. Kalamu ya wino hapana, wino hupanda na kiyeyushi. Weka alama nane, ya kwanza sentimita 3 kutoka ukingoni, zikifuatana kwa sentimita 2:

A ya alanini, G ya glutameti, M ya mchanganyiko wa zote mbili, kisha 1-sifuri, 1-sitini, 2, 3 na 4.

M usiiache. Ndiyo inayokuambia kama karatasi yako imeweza kutenganisha viwili hivi. Kama M imebaki doa moja, usihangaike kusoma mengine.

Kiasi: mikrolita 5 za A na za G, 5 za kila kimoja kwa M, na 10 za kila sampuli. Kama huna pipeti ndogo, omba maabara ya hospitali vile vineli vyembamba vya kioo vya kupimia damu. Milimita moja ya urefu ndani yake hubeba takriban mikrolita moja, kwa hiyo sentimita moja ndiyo dozi yako.

Usimwage zote kwa mara moja. Gusa, kausha kwa draya upepo baridi, gusa tena. Doa libaki ndani ya milimita 5. Doa likianza na upana wa shilingi mia, litafika juu likiwa wingu.

## Hatua ya 7: Pandisha kiyeyushi

Changanya butanoli mililita 60, asidi asetiki 15, maji 25. Kifanyike siku hiyohiyo. Kikikaa siku kadhaa, butanoli na asidi huungana na kuwa esta yenye harufu ya matunda, na madoa yote huhama mahali pake.

Arusha mwezi wa sita hadi wa nane, usishtuke ukikuta asidi asetiki imeganda kwenye chupa asubuhi. Huganda chini ya nyuzi 16.6. Legeza kifuniko, weka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, subiri. Kamwe isiwe juu ya moto: mvuke wake unawaka, na tone lake likigusa ngozi linaunguza. Miwani na glavu, madirisha wazi, jiko la mkaa lisiwe chumba kimoja na wewe.

Mimina kiyeyushi kwenye bakuli, kina kisizidi sentimita moja. Weka bakuli ndani ya ndoo, funika, acha saa nzima hewa ya ndani ijae mvuke. Ukiruka hapo, kiyeyushi hukauka kikiwa njiani na mstari wake unapanda kwa mawimbi.

Kunja karatasi iwe bomba na ushone kingo kwa uzi bila kuzigusanisha. Simamisha kwenye bakuli, mstari wa penseli ukiwa juu ya kiyeyushi. Funika. Usisogeze ndoo.

Sasa kuhusu muda, ambako karatasi nyingi hufia. Rf, yaani umbali uliopandwa na doa ukigawanywa kwa umbali uliopandwa na kiyeyushi, kwa alanini kwenye kiyeyushi hiki ni kama 0.38, kwa glutameti kama 0.30. Kiyeyushi kikipanda sentimita 8 tu, alanini itakuwa sentimita 3.0 na glutameti 2.4. Milimita sita kati ya vitovu vya madoa ambayo kila moja lina upana wa karibu sentimita moja! Hutaona mawili, utaona kitu kimoja kirefu. Kikipanda sentimita 24, yanakuwa 9.1 na 7.2, nafasi ya karibu sentimita 2 kati yake. Kwa hiyo anza saa 12 jioni, nenda kalale, fungua saa 2 asubuhi. Kipindi cha dakika 80 darasani hakitoshi, na walimu wanaolazimisha ratiba hiyo wanawaonea wanafunzi.

Kuna wanaopendekeza fenoli kwa sababu inatenganisha viwili hivi kwa umbali mkubwa zaidi. Ni kweli inatenganisha. Pia inaunguza ngozi ikiipa ganzi, mtu anachelewa kujua ameumia. Mimi siiruhusu kwa wanaoanza.

Toa karatasi kiyeyushi kikiwa kimebakiza sentimita 1 hadi 2 kufika juu. Weka alama ya penseli mahali kilipofika hapohapo, kabla hakijakauka. Kikifika ukingoni, Rf haihesabiki tena.

## Hatua ya 8: Onyesha madoa

Kausha karatasi dirishani hadi harufu ya siki iishe kabisa, saa moja au zaidi. Nyunyizia ninhidrini kidogokidogo, karatasi ilowe bila kuchuruzika. Asetoni ikauke yote ndipo uweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105 kwa dakika 3 hadi 5. Ukiiweka ikiwa na asetoni unatafuta moto. Draya ya joto nayo inafaa, ila rangi huja taratibu.

Zungushia kila doa penseli na upige picha palepale, kwa sababu zambarau hii hufifia siku hadi siku.

## Karatasi iliyofaulu inaonekanaje

M ina madoa mawili yaliyoachana, moja usawa wa A, jingine usawa wa G. Anza kusoma hapo.

1-sifuri ina glutameti nzito na alanini kidogo ya choroko zenyewe. 1-sitini ina glutameti iliyopungua na alanini iliyo wazi zaidi kuliko kwenye 1-sifuri, 2, 3 na 4. Neno la kuzingatia ni *zaidi*. Neli ya 4 inaweza kuwa na alanini pia, maana mchujo una glutameti yake; isikutishe mradi iko chini ya 1-sitini.

Chini ya glutameti utakutana na doa la rangi ya kahawia ya machungwa. Hiyo ni asparajini, mzigo wa kawaida wa mikunde inayochipua. La manjano juu ya alanini ni prolini. Andika yote kwenye daftari hata kama hayakuulizwa.

## Ikikataa

Hakuna doa lolote, hata A na G. Tatizo ni ninhidrini au joto. Gusa kipande cha karatasi kwa kidole kitupu, nyunyizia, pasha moto. Kidole nacho kisipoonekana, ninhidrini imekufa.

A na G zipo, sampuli zimetapakaa. Chumvi au protini imezidi. Rudia ethanoli na uzungushe muda mrefu zaidi, au punguza bafa iwe moli 0.05 kwa lita.

1-sitini na 1-sifuri ni sawasawa. Pima pH ya neli ya 1 kwa karatasi ya pH. Ikiwa chini ya 7, ni ile asidi ya glutamiki. Ikiwa sawa, badilisha piruveti kwanza, choroko baadaye.

Neli ya 2 ina alanini nyingi kama neli ya 1. Kuchemsha hakukuua kitu, au pipeti moja imetumika kwa michujo yote miwili. Mara nyingi ni pipeti.

Mstari wa kiyeyushi umepinda. Bakuli halikukaa sawa, au kingo za karatasi ziligusana kwenye mshono. Madoa yanasomeka bado, lakini pima Rf ya kila doa kwa umbali wa kiyeyushi kilichopita juu yake lenyewe, wala si kwa wastani wa karatasi nzima.

Kiyeyushi kilichobaki kisimwagwe kwenye sinki. Kiweke kwenye chupa ya kioo yenye lebo, na ukikabidhi kwa msimamizi wa maabara pamoja na mabaki ya ninhidrini.